Kitanda cha Tatu

Katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, Plato anahesabu vitanda vitatu. Cha kwanza amekiumba Mungu, nacho ndicho kitanda chenyewe. Cha pili ni cha seremala, aliyeiga kile cha kwanza. Cha tatu ni cha mchoraji, aliyeiga cha seremala, na kwa hiyo yuko mbali na ukweli. Mimi ni seremala hapa Benaco, kata ya Kasulo, na nafasi ya pili hainiudhi. Nauliza tu: kile kitanda cha vijiti anachotengeneza mpwa wangu, kinachoenea kiganjani, kipo wapi katika hesabu hiyo?

Picha si picha. Kina miguu minne, mchago na chaga zake. Kijana huokota vijiti vya lambalamba, huvichemsha vitoke rangi, huvikata kwa wembe na kuviunga kwa gundi ya mbao. Hiyo ni samani ya askari wake wa udongo, ambao huwapanga mezani akacheza vita na wenzake. Kila askari ana milimita 28, kipimo cha wengi wanaocheza michezo hiyo Ulaya na Marekani, maana yake mtu amepunguzwa kama mara 60. Kiti changu cha sentimita 45 kwenda juu kinabaki milimita saba na nusu.

Kazi inaanzia hapo. Kijiti kina unene wa milimita mbili. Ukikikuza mara 60 unapata ubao wa sentimita 12, na hakuna mteja atakayenunua kiti cha namna hiyo. Kwa hiyo kijana hukipasua, kisha hukisugua kwa msasa kikaribie kukatika. Hata hivyo miguu huiacha minene kidogo, kwa kuwa ikifuata hesabu sawasawa haisimami. Plato anamlaumu mchoraji kwa kuchora kazi asiyoijua. Huyu lazima aijue: ajue uzito unashukia wapi, na aamue mwenyewe wapi kipimo kivunjwe ili kiti kionekane kiti. Namweka nafasi ya pili, pamoja nami.

Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza kama michezo hii haigusi amri ya sanamu. Nikamwomba tusome Kutoka 25. Mungu anaagiza meza ya mti wa mshita: urefu dhiraa mbili, upana dhiraa moja, kimo dhiraa moja na nusu. Mikate inawekwa mbele zake Yeye asiyehitaji kula, na Musa anaambiwa avitengeneze vyote kwa mfano aliouona mlimani. Kwa hiyo kuiga kulikuwa ndiyo ibada yenyewe, na kosa lingekuwa kukosea kipimo. Jirani yangu Mwislamu akaongeza hadithi iliyomo katika Abu Daud: Mtume alimkuta Aisha na farasi wa kuchezea mwenye mabawa ya kitambaa, akacheka.

Swali linalonisumbua zaidi ni vita. Mwaka 1913 H. G. Wells alichapisha Little Wars, kitabu cha kanuni za vita vya askari wa kuchezea, akitamani vichukue nafasi ya vita vya kweli. Mwaka uliofuata vita vya kweli vikalipuka, na kufikia 1916 majeshi ya Wabelgiji yalikuwa yameingia Biharamulo, jirani na hapa. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 waliokimbia vita walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama siku moja, wakapiga kambi hapa hapa Benaco. Mahali penye historia hii, ni halali mtoto kucheza vita?

Sidai kwamba mchezo unazuia vita. Wells hakupewa hata miaka miwili ya kuamini hivyo. Ila naona kijana hutumia muda mfupi kupiganisha askari na muda mrefu kuwatengenezea pa kukaa. Aliyesugua mguu wa kiti kwa ajili ya mtu asiyekuwepo ameshajua thamani ya kile ambacho mkimbizi huacha nyuma. Na kazi ambayo hakuna atakayeikalia ndiyo inayompima fundi kuliko zote, kwa kuwa hakuna mteja wa kurudi kulalamika. Mungu na dhamiri yake tu ndio wanaokagua.

Basi mzazi, ukimkuta mtoto mezani na vijiti na gundi, usimwulize vya nini. Mwulize miguu ameikata kwa kipimo gani.