Jicho na Ushahidi: Juu ya Kujifunza Kuchora

Wako miongoni mwetu waonao kwamba kijana akishika karatasi na kalamu ya risasi akachora, anapoteza wakati wake. Husema: akitaka elimu na asome hisabu, na akitaka mchezo uwanja upo. Sisi twapenda kulitazama jambo hili kwa insafu, kwani twaona kuwa ndani ya kuchora mna somo la tabia, nalo ni hili: je, mtu aweza kusema kweli juu ya kitu alichokitazama, asichanganye na alichokwisha kukidhani?

Mwekeeni kikombe mezani mtu asiyepata kuchora, mumwambie akichore. Mdomo wake ataufanya duara kamili, na chini atapiga mstari ulionyoka. Kwa nini? Kwa sababu ajua kuwa mdomo wa kikombe ni mviringo, na kuwa meza ni sawa. Lakini pale alipoketi jicho lake halioni duara. Laona duara lililobanwa, na kitako chake chaonekana kimepinda kama upinde. Basi hakuchora alichokiona, amechora alichokuwa nacho kichwani. Hilo ndilo kosa la kwanza la kila aanzaye, wala si udhaifu wa mkono.

Mwanachuoni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965, alibainisha katika Kitab al-Manazir kwamba mengi tudhaniayo kuwa tumeyaona kwa macho, kwa hakika tumeyahukumu kwa akili, upesi mno hata hatutambui kuwa tumehukumu. Hata jina la kalamu yenyewe ni mfano. Twaiita ya risasi, na ndani yake hamna risasi: mna madini meusi yaliyo jamaa ya makaa, ambayo Conté wa Ufaransa alipata haki ya kuyachanganya na udongo mnamo 1795.

Huenda mtu akatuuliza: ukweli ni upi, duara au duara lililobanwa? Twajibu kuwa yote mawili ni kweli, kila moja mahali pake. Ramani ya fundi huonyesha duara, kwani yasema habari ya kipimo. Picha huonyesha lililobanwa, kwani yasema habari ya mtu aliyeketi mahali fulani akatazama. Uwongo huingia pale mtu anapotoa dhana yake na kuiita ushahidi. Na ni mara ngapi mitaani mwetu mtu amevunjiwa heshima yake kwa neno la asemaye "nimeona", kumbe ameona kidogo na kingine amekijaza mwenyewe!

Ama dawa yake, ni mazoezi. Nyosha mkono, fumba jicho moja, upime kwa kalamu na kidole gumba urefu wa kitu mara ngapi waingia katika upana wake. Tazama umbo la uwazi ulioko baina ya mkono wa kikombe na kikombe, ulichore huo, kwani akili haina dhana juu ya uwazi. Anza kwa mistari hafifu, na kalamu ngumu ya H. Kivuli kitafuata kwa laini ya 2B. Finya macho upate kupambanua penye giza na penye nuru. Wala usiharakishe kufuta: mstari uliokosea uache mpaka ulio sawa usimame kando yake, kwani huo wa kwanza ndio utakaokuonyesha umepotoka kiasi gani.

Kuhusu picha za viumbe wenye roho, wanavyuoni wana maneno marefu, nasi hatukusudii kuyaingia hapa. Ajihadhariye ana nafasi pana, kwani Ibn Abbas alimwelekeza mchoraji aliyemjia kwenye miti na vitu visivyo na roho. Na katika hivyo kazi ni nyingi. Usam Ghaidan alipotoa kitabu chake juu ya mji wa Lamu mnamo 1975, nyumba za mawe zilikuwamo kwa michoro na vipimo. Mji huo uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Lakini ukuta ukianguka, atakaye kuujenga ulivyokuwa atahitaji mchoro wa mtu aliyetazama kwa uaminifu.

Basi, enyi wazazi, msiwanyang'anye watoto kalamu. Wapeni robo saa kila siku, kitu kimoja mbele yao: mtungi, kiti, mlango wa jirani. Waandike tarehe chini ya kila mchoro, na baada ya miezi mitatu waulinganishe wa mwisho na wa kwanza wao wenyewe, si na wa mwenzao. Na mtoto akiwaletea mchoro wake, kabla ya kuusifu au kuucheka, muulizeni: je, hivi ndivyo ulivyoona?