Amana ya Disketi

Mwishoni mwa mwaka 1996, vita vilipoingia Kivu, watu wengi walivuka ziwa kutoka Uvira na Fizi wakashukia Kigoma. Kijana mmoja alikaa kwetu Bangwe wiki mbili kabla ya kupelekwa kambini Nyarugusu. Huko kwao alikuwa karani katika ofisi yenye kompyuta. Siku ya kuondoka alinipa kopo la biskuti lililofungwa kwa mpira, akasema, "Mwalimu, unichungie hii." Ndani mlikuwa na disketi kumi na moja na daftari la shule. Hakurudi. Nilisikia baadaye kwamba amevuka tena kwenda kwao, na tangu hapo sina habari zake.

Wakati ule sikuwa na kompyuta, wala simjui mtu wa Bangwe aliyekuwa nayo. Msomaji kijana huenda hajui kwamba serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini mwaka 1974, na ilichukua miaka mingi katazo hilo kulegezwa. Mwaka 1998 nilinunua moja iliyokwisha tumika, ndipo tukajua kilichomo koponi. Disketi kumi zilikuwa na barua na hesabu; nilipoona jina la mtu wa kwanza nilizifunga, maana hazikunihusu. Ya kumi na moja ilikuwa na mchezo.

Mchezo wenyewe unaitwa Ultima IV, uliotungwa na Mmarekani Richard Garriott na kutolewa mwaka 1985. Ni wa ile aina ambayo mchezaji hupewa mhusika wake, akamlea, akamtembeza nchi nzima akihoji watu, akinunua chakula na kupigana na mazimwi. Lakini huu una ajabu yake. Mwishoni hakuna mfalme mwovu wa kuangushwa. Shabaha ni mhusika kufuzu fadhila nane, zikiwamo ukweli, huruma, haki na unyenyekevu. Muuza dawa za uganga ni kipofu. Anakutajia bei, nawe unahesabu mwenyewe sarafu za kumlipa. Ukimpunja hatambui, na wala hugombezwi. Mchezo unaandika tu, kimya kimya, na siku nyingine utashangaa kwa nini fadhila zinakukimbia.

Naam, na disketi yenyewe ilikuwa ya kunakili, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino. Mchezo wa kupima uaminifu wa watu ulikuwa umetufikia kwa njia ambayo mtungaji wake hakulipwa hata senti. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka.

Mchezo ule huhifadhi safari moja tu. Ukianzisha mpya, ya zamani inafutika. Katika disketi ile mlikuwa na safari ya yule kijana, na mhusika alimpa jina la kike ambalo pia limeandikwa kwenye jalada la daftari. Nadhani ni la dada yake. Humo daftarini alikuwa amechora ramani za miji na mapango, maelezo nusu Kiswahili nusu Kifaransa, mistari imenyooshwa kwa rula. Mchezo kamili uliuzwa pamoja na ramani ya kitambaa na vitabu viwili. Yeye hakuwa navyo, akajitengenezea.

Mwanangu wa pili, wakati ule darasa la sita, aliomba acheze. Nikakataa. Akaomba anakili kwenye disketi nyingine achezee huko, nikakataa kwa ukali zaidi. Nilimwambia kuna wenyewe wawili: mwenye mchezo huko Marekani, na mwenye disketi huko ng'ambo. Kunakili bila idhini ni kumwibia wa kwanza, na kuigusa ni kumsaliti wa pili. Amana haiguswi. Nikaliweka kopo juu ya kabati, nikajiona mtu mwadilifu.

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuwahi kuhifadhi disketi kando ya ziwa. Mwaka 2004 nilipolifungua kopo, kwenye utando wa ndani wa kila disketi palikuwa na madoa meupe ya ukungu. Hakuna hata moja iliyosomeka. Barua za watu, hesabu, safari ya yule mhusika, vyote vimekwenda, na mlinzi wake nilikuwa mimi.

Jirani yangu mmoja, mama anayeanika dagaa, nilimweleza masikitiko yangu. Hakuelewa habari ya kompyuta, lakini aliuliza, "Sasa Mwalimu, ukiachiwa ndoo ya dagaa wabichi, utaifunika useme amana haiguswi?" Sikuwa na jibu. Dagaa mbichi hulindwa kwa kuguswa: huoshwa, huanikwa, hugeuzwa. Ila mfano wake haukamiliki, maana kuanika hakuzidishi dagaa, na kunakili kunazidisha.

Ndipo mwanangu aliponiungamia. Mwaka ule ule wa 1998 alinakili disketi mara mbili nilipokuwa shuleni. Moja aliichezea. Nyingine hakuigusa. "Nilimwonea huruma yule mtu wake, Baba," alisema. "Nisingeweza kumfuta." Aliihamisha kutoka disketi kwenda sidii, na kutoka sidii kwenda kompyuta yake ya chuoni, na leo inafunguka kwa programu inayojifanya kompyuta ya zamani. Barua hakuzinakili. Hakuwa na haja nazo.

Hilo ndilo linaloninyima raha. Kilichookoka si kile kilichokuwa na thamani kubwa, ni kile ambacho mtoto alikipenda kiasi cha kunivunjia amri. Nasoma kwamba michezo ya kwanza kabisa ya aina hii ilitungwa na wanafunzi wa Marekani miaka ya 1970 katika mtambo mkubwa ulioitwa PLATO, uliowekwa kwa ajili ya masomo. Wasimamizi waliifuta. Mmoja, pedit5 wa mwaka 1975, ulifutwa na kurudishwa, na hadi leo upo. Mwingine, m199h, ulifutwa na haupo tena. Wasimamizi wale walikuwa na haki yao, kama mimi. Na mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ilitangaza kwamba katika kila michezo 100 iliyotoka Marekani kabla ya 2010, ni 13 tu bado inapatikana sokoni. Iliyobaki iko kwenye makopo ya watu.

Sisemi kwamba wizi umekuwa halali. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazilinda programu za kompyuta, na mtu anayetunga ana haki ya kula jasho lake. Mwanangu aliwagawia rafiki zake nakala shuleni, na hilo sikulipenda, na bado silipendi. Kampuni ya Origin iliyotoa mchezo ule ilinunuliwa na Electronic Arts mwaka 1992, ikafungwa 2004. Tangu 2011 wenye haki wanautoa bure. Nilifurahi, lakini ruhusa iliyokuja miaka kumi na mitatu baadaye haikuwepo siku mtoto alipokaa mbele ya kompyuta.

Bandarini kwetu kuna habari ya Liemba. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, lakini kwanza waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiibua 1924, na 1927 ikarudi majini. Nimejiuliza mara nyingi walimpakia nani grisi ile. Labda walitumaini kurudi. Waliofaidika ni wengine.

Mwezi uliopita mwanangu alikuja likizo, akanifungulia. Yule dada amesimama penye majani, hatua chache kutoka lango la mji. Ana dhahabu kidogo na chakula cha siku kadhaa. Mwanangu akaweka mkono wangu juu ya kitufe cha mshale, akaniambia nimsogeze, haidhuru, kuna nakala nyingine. Niliuondoa mkono.