Mnada Haufuti Wizi



Mtu atokaye Nyakato akaifuata barabara ya Musoma hufika Kisesa, na akipanda kilima cha Bujora hukuta nyumba iliyojengwa kwa mfano wa kiti cha enzi. Humo vimewekwa viti, ngoma na mapambo ya watemi wa Usukuma. Vilikusanywa kwa bidii ya Padri David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, pamoja na wenyeji waliokubali kumwamini. Watemi waliondolewa madarakani mwaka 1963, lakini alama za enzi yao zimebaki karibu na wajukuu wao.

Sasa tujiulize: taji la mtemi lina thamani gani? Likipelekwa mnadani, dalali atataja bei, na tajiri atalipa. Lakini atakuwa amelipia madini, ufundi na ukale tu. Heshima ya watu waliotawaliwa na mwenye taji hilo haimo katika hesabu yake. Na ikiwa taji liliporwa, kisha likauzwa na kununuliwa mara nyingi, leo ni la nani? Tena, wenyewe wakilikomboa kwa fedha, je, wametenda haki, au wamempa mwizi ujira wake?

Mfano ulio wazi uko kwa jirani zetu wa Ethiopia. Mwezi wa Aprili 1868 jeshi la Waingereza, likiongozwa na Jenerali Robert Napier, liliiteka ngome ya Maqdala. Mfalme Tewodros wa Pili alijiua asije akakamatwa. Ndipo ngome ile na kanisa lake vikaporwa: mataji, misalaba, vikombe vya ibada na vitabu vilivyoandikwa kwa mkono. Mizigo ilihitaji tembo 15 na nyumbu karibu 200. Tarehe 20 na 21 Aprili, katika uwanda wa Dalanta, mali ile ikanadiwa, na fedha wakagawiwa askari. Miongoni mwa wanunuzi alikuwamo mjumbe wa Jumba la Makumbusho la Uingereza. Taji moja la dhahabu na kikombe cha dhahabu vilivyotoka Maqdala vimo hata leo katika jumba la Victoria and Albert mjini London.

Kwa kutazama nje tu, mnada ule ulikuwa na utaratibu wake: dalali alinadi hadharani, na wanunuzi wakatoa fedha zao. Lakini kila mfugaji wa Usukuma angeweza kuwafundisha jambo moja. Ng'ombe wa wizi akifikishwa mnadani, akanunuliwa na mtu asiyejua habari zake, kisha mwenyewe akatokea na kuitambua chapa yake, wazee hawatamwambia, "Umechelewa, amekwisha kulipiwa." Mnunuzi atamwachia mwenyewe ng'ombe wake, naye atamtafuta aliyemwuzia. Atahurumiwa kwa hasara yake, lakini huruma hiyo haimpi haki ya kubaki na ng'ombe. Ikiwa ndivyo ilivyo kwa ng'ombe wa mtu mmoja, itakuwaje basi kwa taji la taifa na kikombe cha altare?

Wako wasemao ya kwamba majumba yale yamevitunza vitu hivi vizuri, na ya kwamba sheria ya nchi yao haiwaruhusu wadhamini kuvitoa. Neno la kwanza ni kweli, nasi twawashukuru. Lakini mtunzaji si mwenye mali. Neno la pili pia ni kweli, ila sheria iliyotungwa na watu yaweza kubadilishwa na watu. Mwaka 2018 mkuu wa jumba la Victoria and Albert alisema yuko tayari kuviazima Ethiopia vitu vya Maqdala kwa muda mrefu. Ni hatua njema. Hata hivyo, ni ajabu mtu kuazimwa kilicho chake.

Je, kukomboa kwa fedha ni halali? Mwaka 2021 dalali mmoja huko Bridport, Uingereza, alitangaza kuuza kitabu kitakatifu na vikombe vya pembe vya Maqdala. Ubalozi wa Ethiopia ulipinga, vikaondolewa mnadani. Taasisi ya Scheherazade ikavinunua, pamoja na vingine vilivyokuwa kwa wafanyabiashara, ikavikabidhi kwa Ethiopia mwezi wa Septemba mwaka uo huo.

Tukumbuke Bagamoyo. Mwaka ule ule wa 1868, Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika huko, nao wakatoa fedha kuwakomboa watumwa. Fedha zao hazikuufanya utumwa kuwa halali, wala hazikuwaondolea dhambi waliopokea bei ya watu. Vivyo hivyo, akombaye kitu cha wizi ili akirudishe kwao hana lawama. Deni la dhamiri liko kwa yule asiyekubali kukitoa ila kwa bei. Lakini tahadhari yafaa: mwenye kulipa upesi huongeza tamaa ya wauzaji. Kwanza mwenyewe adai haki yake, na fedha ije mwisho.

Wapo waliorudisha bila kudai kitu. Mwaka 2001 padri wa kanisa moja la Edinburgh alikuta kabatini tabot, kibao kitakatifu cha altare ya Waethiopia, kilichochukuliwa Maqdala. Mwaka 2002 kikarudishwa kwao. Naye Sirak Asfaw, mkimbizi Mwethiopia aliyekaa Uholanzi, alikuta nyumbani kwake mwaka 1998, katika sanduku la mgeni wake, taji la kale lenye sura za Utatu Mtakatifu, lililoibwa katika kanisa la Cheleqot. Alilificha miaka 21, akikataa lisipotee tena, hata likarejea Ethiopia mwaka 2020. Zakayo naye hakungoja hukumu ya baraza. Siku ile ile aliahidi kurudisha.

Kabla hatujawanyoshea wageni kidole, tutazame masanduku yetu wenyewe. Mchuuzi akibisha hodi na shilingi chache mkononi, kijana humwuzia bangili ya bibi au kigoda cha babu bila kumwuliza mtu. Hakuna jeshi lililomlazimisha. Kitu cha ukoo si cha yule aliye na ufunguo wa sanduku. Ni amana ya waliotangulia na ya watakaozaliwa. Wenye nyumba, waiteni watoto jioni moja, fungueni sanduku, mwaambieni bangili ile ilivaliwa na nani na siku gani. Asiyejua habari za kitu chake atakiuza kwa bei ya kwanza atakayotajiwa.