Je, Yafaa Kumpa Mdudu Jina?

Mtu mzima aliyesoma akikaa miezi mingi akimpima mdudu asiyefikia urefu wa punje ya mchele, akihesabu pingili za vipapasio vyake na kuandika rangi ya mgongo wake, je, kazi hiyo ina maana mbele ya Mungu? Wako Wakristo wenzetu wasemao hapana. Husema kwamba penye njaa, na penye watoto wasio na madaftari, elimu ya namna hiyo ni anasa. Neno lao si la kudharauliwa. Sisi wa Shinyanga na Geita njaa twaijua.

Basi na tumtazame dumuzi. Mwaka 1878 George Horn, daktari wa Philadelphia huko Marekani, alieleza kwa maandishi mdudu mdogo atoboaye miti, ambaye mwili wake kwa nyuma umekatika ghafula kama gogo lililopigwa msumeno. Kwa ajili ya umbo hilo akamwita kwa Kilatini truncatus, yaani aliyekatwa. Kwao mdudu huyo ni Meksiko na Amerika ya Kati. Usukuma na Unyamwezi hakuwa na habari nao.

Ikapita karibu miaka mia. Ndipo mwaka 1981 ikatangazwa kwamba ameonekana mkoani Tabora, na toka huko akaenea hadi kwetu. Mahindi yaligeuka unga yakiwa bado kwenye magunzi, na katika vihenge vilivyopimwa Tabora hasara nyingine ilifikia 34 kwa mia kwa miezi michache tu. Udaga nao aliutafuna. Wakulima wengine walimwita Scania, kwa jina la lile lori, na twaona walimweleza vizuri.

Sasa, yule aliyekuwa na fukusi ghalani alitumia dawa ya fukusi. Lakini dawa iliyomuua fukusi ilimwacha dumuzi akiendelea kula, na iliyomweza dumuzi haikumtosha fukusi. Ikabidi zichanganywe mbili katika unga mmoja. Mtu angejuaje hayo kama hakuna aliyewahi kuandika kwa uangalifu kwamba huyu si yule? Hapa ndipo twaona kwamba jambo hili ni la dhamiri pia. Kumweleza kiumbe ni kutoa ushuhuda juu yake. Anayeandika huapa, kwa namna yake, kwamba mdudu huyu yuko hivi na hayuko vile, kwamba anafanana na ndugu zake hapa na kuachana nao pale. Akisema uongo, au akiandika kwa haraka ili apate sifa ya kugundua, atakayelala njaa ni mtu mwingine, pengine aliye mbali asiyezaliwa bado. Amri ile inayokataza kumshuhudia jirani uongo, kwa maoni yetu, yafika mpaka hapo.

Mfano mwingine ni adui wa dumuzi, mdudu mwingine wa kwao anayefuata harufu yake na kumla pamoja na mabuu yake. Huyo alielezwa mwaka 1891 na Mwingereza George Lewis. Mwaka 1992 aliachiliwa Kenya ili kumpunguza dumuzi, miaka 101 baada ya kupewa jina.

Hata hivyo hatupendi kuliacha jambo kwenye faida. Tukisema mdudu astahili kujulikana kwa sababu siku moja atatufaa au kutudhuru, tumemfanya Mungu kuwa mwenye duka. Adamu alipoletewa wanyama awape majina, hakuambiwa achague wale wa kuliwa. Sulemani naye alisifiwa kwa kunena habari za miti na vitambaavyo, wala hatusomi kwamba aliuza kitu. Wengi wa wadudu watoboao miti hawagusi ghala la mtu. Hubungua magogo yaliyokufa, na kuyarudisha kuwa udongo. Dumuzi mwenyewe huishi katika miti porini. Uovu hatuuoni kwake. Amekuta ghala letu ni tamu kuliko gogo.

Liko swali gumu zaidi. Ili mdudu apewe jina, hana budi kuuawa, kuchomwa pini na kuwekwa makumbusho, ili kila atakayebisha aende akamtazame. Je, ni haki? Twaonelea ni haki kwa wachache, mradi watunzwe, na mradi waonekane. Hilo la pili ndilo lenye mashaka. Vielelezo vingi vya nchi yetu vimo London na Berlin. Kijana wa Bukombe atakayetaka kulinganisha mdudu wake na ule wa kwanza, nauli ataipata wapi?

Na majina yenyewe yana wenyewe. Yuko mbung'o aliyepewa mwaka 1923 jina la Swynnerton, Mwingereza aliyepambana na mbung'o hapa Shinyanga mpaka alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Alistahili, hatukatai. Ila Wasukuma waliofyeka mapori kwa maelfu kwa ajili ya kazi hiyo hawamo katika jina lolote.

Leo miyombo ya Geita yakatwa kwa mkaa, na kwa matimba ya kuzuia mashimo ya dhahabu yasiporomoke. Watu wapate riziki. Matimba yameokoa roho za wengi. Lakini ndani ya magogo hayo wamo watoboaji ambao huenda hakuna aliyewaandika, na tanuru haliulizi. Mwalimu mwenye wanafunzi na chupa tupu aweza kupasua gogo moja kabla halijafukiwa, akaandika siku, mahali na aina ya mti, kisha akapeleka kwa wataalamu wa misitu. Kazi hiyo haihitaji nauli ya London.