Je, Mchungaji Atatubu kwa Niaba Yangu?

Mimi nafanya shifti hotelini Diani, na kwa miaka mingi kesha ya Ijumaa nilimwachia mchungaji. Natoa fungu la kumi, napeleka na kuku, kisha nalala.

Wakathari wa kusini mwa Ufaransa, karne ya 13, waliishi karibu hivyo. Wachache walioitwa wakamilifu walijinyima nyama na ndoa. Waumini wa kawaida waliwalisha, wakawaficha, wakangoja kuwekewa mikono siku ya kufa. Siwacheki. Kumficha mtu anayewindwa ni imani kubwa kuliko kuku wangu.

Lakini hapa kwetu, mwaka 1929, Simeoni Nsibambi, ambaye hakuwa kasisi, aliomba Kampala pamoja na Joe Church, daktari Mwingereza kutoka Gahini, Rwanda. Uamsho uliofuata ulifika mpaka Kenya, ukibebwa zaidi na watu wa kawaida. Walisimama wakataja dhambi zao mbele za watu. Wengine walirudisha vitu walivyoiba.

Hapo kwa kurudisha ndipo ninapobanwa. Nyumbani Msambweni tunalalia mashuka mawili ya hoteli. Mchungaji hajui. Hata akijua, atayarudishaje yeye?

Jumatatu naingia zamu ya asubuhi.