Popo Naye ni Kazi ya Mikono ya Mungu

Somo: Mwanzo 1:20-25



Popo wakiruka jioni juu ya nyumba, wako watu wanenao kwamba wametumwa na wachawi. Basi mti wanamolala hukatwa, au moto huwashwa chini yake. Je, yatupasa sisi Wakristo kutenda hivyo?

Kwanza, somo letu lasema kwamba Mungu ndiye aliyeumba kila chenye mabawa, akaona kuwa ni chema. Ni kweli, Torati yakataza kumla popo (Walawi 11:19). Lakini kukatazwa kula si kuamriwa kuua. Naye Luther, katika Katekisimo Ndogo, atufundisha kukiri kwamba Mungu ametuumba sisi pamoja na viumbe vyote. Amwogopaye popo kama mjumbe wa mchawi, ampa mchawi kiumbe kilicho cha Mungu.

Pili, Mungu amempa popo kazi. Walao matunda huruka mbali usiku na kuangusha mbegu njiani; hivyo mvule huota mbali na mti uliouzaa. Walao wadudu hupunguza wale waharibuo mashamba. Lakini popo jike kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Wakiuawa wengi, hawarudi upesi. Ng'ambo ya mpaka wetu wa Tunduma, nchini Zambia, mamilioni yao hukusanyika kila mwaka, tangu Oktoba hata Desemba, katika msitu mdogo wa Kasanka. Msitu huo ukikatwa, watakwenda wapi?

Tatu, tujifunze kwa watu wa Pemba. Kisiwa hicho kina popo wake mkubwa, asiyepatikana penginepo duniani. Kwa kuwindwa na kukatiwa miti, mwaka 1989 walionekana wachache mno. Ndipo wanavijiji, kama wale wa Kidike, wakaanza kuwalinda. Hata mwaka 2007 wakakadiriwa kupita 18,000. Wengi wa watu hao si wa imani yetu, nao wametutangulia katika kutunza kazi ya Muumba wetu. Je, sisi wa Mbebe tutashindwa?

Wala hatusemi mwashike au mwale. Popo wengine huchukua magonjwa, kama Marburg iliyotokea Kagera mwaka 2023 na tena 2025. Wakatazeni watoto kuingia mapangoni mwao. Wakikaa darini mwa kanisa, ngojeni hata watoto wao waweze kuruka. Kisha jioni, wote wakiisha kutoka, zibeni matundu.

Nanyi waalimu, wafundisheni wanafunzi wa ubatizo neno hili: Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Mti wa popo ulio katika shamba lako ni sehemu ya bustani hiyo. Uache usimame.

Mungu Muumba wetu atuondolee hofu ya giza, atupe moyo wa kutunza. Amin.