Magofu ya Kilwa Yatufundisha Nini?



Mara nyingi katika Kurani Tukufu Mwenyezi Mungu ametuagiza tutembee katika ardhi, tukatazame ulivyokuwa mwisho wa watu waliotutangulia. Agizo hili halikutolewa kwa wataalamu wa historia peke yao, bali kwa kila mtu mwenye macho. Wala halikutolewa ili tuhesabu makosa ya wafu, bali ili tuhesabu ya kwetu kabla hatujahesabiwa. Nimelisoma na kulifundisha agizo hilo kwa miaka mingi, lakini nakiri kwamba maana yake ilinifikia barabara siku moja ya likizo, nilipokuwa pamoja na mke wangu na watoto wangu katika Kilwa Kisiwani.

Mimi nafundisha katika chuo cha dini ng'ambo. Baada ya miaka mitatu ya kutoonana na jamaa tulipata ruhusa ya kurudi, tukafikia Kilwa Masoko katika nyumba aliyoiacha marehemu baba mkwe wangu. Humo anaishi shemeji yangu mkubwa pamoja na mama yake. Alitupokea kwa ukarimu mkubwa. Kila siku paliandaliwa wali na samaki, na hakuna jirani aliyepita mlangoni bila kukaribishwa. Lakini ndani ya furaha hiyo mlikuwamo mwiba. Miaka minne ilikuwa imepita tangu marehemu afariki, na mali yake, yaani nyumba hiyo na shamba la minazi, ilikuwa haijagawanywa. Shemeji mdogo alikuwa akidai fungu lake. Mkubwa naye alikuwa akisema kwamba dada zao wawili wamekwisha kuolewa, wana waume wa kuwatunza, basi wadai nini tena? Mke wangu ni mmoja wa dada hao. Nami nilinyamaza, nikijiambia kwamba mgeni haingilii mambo ya wenyeji.

Siku ya nne, baada ya kupata kibali, shemeji mkubwa alitukodia mashua, tukavuka sote kwenda kisiwani. Tuliingia katika Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kale ilijengwa katika karne ya 11, na ukapanuliwa baadaye kwa nguzo na kuba za mawe ya matumbawe na chokaa. Kisha tukatembea mpaka Husuni Kubwa, jumba la kifalme lililojengwa juu ya jabali kando ya bahari katika karne ya 14, lenye vyumba zaidi ya mia moja na birika lenye pembe nane. Wataalamu waliolichimbua wanasema kwamba ujenzi wake haukumalizika. Dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwa watu wa mji huu. Fedha za shaba zilipigwa hapa zikiwa na majina ya masultani. Mwaka 1505 Wareno wakaja na merikebu zao, wakauteka na kuupora mji. Leo popoo huruka na mizizi ya miti hupasua kuta. Mwaka 1981 magofu haya yaliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia, lakini wenyewe walioyajenga hawakurithi humo hata shubiri moja.

Tulipoketi kivulini niliwasimulia watoto habari za msafiri Ibn Batuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa kwa lakabu Abul-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Fakiri mmoja kutoka Yemeni alimkuta sultani huyo akitoka katika sala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizozivaa. Sultani aliingia ndani, akabadili, akampa. Mwanawe alizichukua tena nguo zile kwa fakiri na kumpa watumwa kumi badala yake. Na baba aliposikia watu wanavyousifu ukarimu huo, akaamuru aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Alipokufa alirithiwa na nduguye Daud, ambaye kila alipojiwa na mwombaji alijibu kwamba mtoaji amekufa, wala hakuacha kitu cha kutolewa.

Nilikusudia kuwafundisha watoto uzuri wa ukarimu na ubaya wa uchoyo, nikidhani kwamba somo limekwisha. Lakini binti yangu mwenye umri wa miaka 12 aliniuliza, "Baba, hao watu ishirini waliotolewa zawadi walikuwa mali ya nani? Sultani aliwapata wapi?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu la kujitetea. Ibn Batuta huyohuyo anaeleza kwamba sultani alikuwa akizishambulia nchi za bara na kuchukua mateka. Nikamwambia binti yangu kwamba hawakuwa mali ya mtu. Kwamba Kurani Tukufu inakuhesabu kumkomboa mtumwa kuwa ni kupanda mlima mgumu wa wema. Na kwamba kwa mafundisho ya Mtume Mtukufu s.a.w. Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mshitaki wa yule amwuzaye mtu huru na kula thamani yake. Akasema, "Basi alikuwa mkarimu kwa vitu vya watu." Shemeji mkubwa alikuwa karibu yetu. Aliinama, akawa anachorachora mchangani kwa kijiti.

Hapa, ndugu msomaji, ndipo penye fundisho. Ukarimu ni tabia tukufu, lakini mbele yake imesimama haki. Mtu atoaye kisichokuwa chake hatoi, bali anahamisha dhuluma kutoka mkono mmoja hadi mwingine, hata kama mpokeaji anashukuru na majirani wanasifu. Mali ya marehemu isiyogawanywa ni mali ya warithi wote. Wali tuliokuwa tukiula kwa furaha katika nyumba ile ulitoka katika nazi za shamba ambalo wengine walinyimwa. Nami, mwalimu wa dini, niliula na kusema Alhamdulillahi.

Jioni, baada ya sala ya Magharibi, shemeji mkubwa aliniletea karatasi na kalamu, akasema, "Shemeji, tuandikie sheria ilivyo." Nikaandika. Madeni na wasia vikiisha kutolewa, mjane mwenye watoto hupata thumni, yaani sehemu moja ya nane. Kinachobaki hugawanywa kwa watoto, mwana wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja. Kwa kuwa wazazi wa marehemu walikwisha kufa, na watoto ni wanaume wawili na wanawake wawili, mali iligawanyika katika mafungu 48: mama 6, kila mwana wa kiume 14, kila binti 7. Mama yao, ambaye katika ugomvi wote ule hakutajwa na mtu, aliisikia hesabu hiyo akafuta machozi.

Kisha shemeji aliniuliza kwa upole, "Na kwenu, mzee alipofariki, mligawaje?"

Swali hilo lilinishinda kuliko la binti yangu. Shamba la baba yangu analilima kaka yangu. Dada zetu wawili hawakupata kitu, na kwa miaka sita sikuwahi kuuliza, kwa sababu kila msimu hunitumia gunia la mchele. Usiku uleule nilimwandikia kaka barua, nikamwomba tugawe, na nikaahidi kulipa kutoka fungu langu thamani ya nilichokula.

Tulipoondoka Kilwa shamba la minazi lilikuwa limekwisha kupimwa. Jibu la kaka yangu bado nalingoja.

Basi, wapenzi, msingoje kusafiri mpaka kisiwani ili mwone magofu. Kila nyumba ambamo haki ya yatima, ya mjane au ya binti imezuiliwa imekwisha kuanza kubomoka, ijapokuwa chokaa yake ni mpya. Mwenyezi Mungu atujalie kurudisha haki za watu tungali hai, na ukarimu wetu utoke katika kilicho chetu. Amin.